KONA YA SAYANSI: Dawa imeponya panya. Je, itamponya na baba?

  Mwezi uliopita tulimaliza habari ya maji ya bomba na klorini. Mwezi huu kuna jambo la ndani ya nyumba, tena la chumbani, na niliomba ruhusa kwa wahariri kabla ya kuliandika. Wakasema andika, lakini kwa heshima. Basi nitatumia neno korodani, ambalo liko katika vitabu vya biolojia vya shule, na yale maneno mengine ya mtaani nawaachia wenyewe mnaoyajua.

Sababu ya kuandika ni barua mbili zilizoingia kwenye sanduku letu. Ya kwanza ni ya baba mmoja aliyeoa miaka minne iliyopita na mpaka leo hajapata mtoto. Ameuziwa unga wa kahawia sokoni. Kwenye pakiti kuna karatasi inayosema eti dawa hii imepimwa na wataalamu kwa panya, ikaonekana inatengeneza korodani zilizoharibika. Pakiti moja ni ya siku 14. Aliuza mafuta yote ya mgao pamoja na maharage ndipo akaipata. Siku 14 zimekwisha, mke hajabeba mimba, na muuzaji amemwambia aongeze pakiti ya pili. Anauliza: mwalimu, niongeze?

Barua ya pili ni fupi. Ni ya mama. Anasema ukoo wa mume wake wamempa mpaka mwisho wa mwaka, azae au arudi kwa ndugu zake. Halafu ameongeza kwamba hao ndugu zake mwenyewe hajui wako wapi tangu vita ile.

Mimi ni mwalimu wa kujitolea, sio daktari, na watu wa zahanati wananijua kwa kuwasumbua na maswali. Lakini hii habari ya panya inafundishika kabisa, kama somo lolote la sayansi, na nadhani ikieleweka itaokoa mafuta ya nyumba nyingi.

Nianze kwa kumtendea haki huyo muuzaji. Maneno ya panya sio uongo wote. Tangu miaka ya 1920 wataalamu wamekuwa wakitumia panya kuchunguza mambo ya uzazi, na baadhi ya mambo waliyogundua ni ya ajabu.

Mwaka 1922 huko California, Marekani, bwana Herbert Evans na mama Katharine Bishop walikuwa wanalisha panya chakula kilichosafishwa sana. Panya walinenepa, manyoya yakang'aa, ukiwaangalia unasema hawa wana afya. Lakini majike wakishika mimba, watoto wanafia tumboni. Wakiongezewa majani ya saladi, wanazaa vizuri. Kumbe kulikuwa na kitu kinakosekana katika kile chakula, na hicho kitu ndicho tunakiita leo vitamini E. Jina lake la kitaalamu, tokoferoli, limetokana na maneno ya Kigiriki ya kuzaa na kubeba. Na madume je? Madume waliokosa vitamini hiyo korodani zao zilinyauka, mbegu zikaisha. Hapa kuna jambo moja nataka mliweke akilini: jike ukimrudishia vitamini E anazaa tena. Dume aliyechelewa, hata ukimjaza vitamini, korodani hazirudi. Kumbukeni hilo, tutalihitaji mbele. (Na msiseme mwalimu anawatisha. Mawese yetu haya mekundu yana vitamini E ya kutosha, na binadamu kuikosa mpaka kufikia hali ya wale panya ni jambo la nadra sana.)

Kisa cha pili kilitokea Prague, mji wa nchi iliyoitwa Chekoslovakia. Mtaalamu Jiří Pařízek alichoma panya sindano ya kadimi. Kadimi ni metali, iko katika betri za aina fulani, katika rangi, hata katika moshi wa sigara. Dozi ndogo tu chini ya ngozi, na korodani za panya zilivimba damu kisha zikafa, wakati sehemu nyingine za mwili hazikuonyesha madhara kama hayo. Baadaye, mwaka 1957, akaandika kwamba akimpa panya zinki nyingi pamoja na ile kadimi, korodani zinapona. Sasa mnaelewa kwa nini pakiti nyingi za dawa za wanaume duniani kote zimeandikwa zinki. Mizizi ya habari iko huko, kwa panya wa Prague.

Tangu hapo tafiti za namna hii zimekuwa nyingi kupita kiasi. Mtindo wake unafanana. Unachukua panya dume, unawagawa makundi. Kundi moja halipewi chochote. Kundi la pili linaharibiwa korodani: kwa kadimi, au kwa dawa kali za kutibu saratani kama sisplatini na busulfani, au kwa kulowekwa sehemu ya nyuma katika maji ya moto ya nyuzi 43, au kwa kufungwa mshipa wa damu. Kundi la tatu linaharibiwa vilevile lakini linapewa na dawa: vitamini C, vitamini E, seleni, melatonini, au maji ya majani ya mti fulani. Baada ya wiki kadhaa panya wanauawa, korodani zinapimwa uzito, zinakatwa vipande vyembamba kama karatasi, zinaangaliwa kwa hadubini na mbegu zinahesabiwa. Mara nyingi sana kundi la tatu linaonekana lina nafuu kuliko la pili. Maelezo yao ni kwamba sumu nyingi huzalisha ndani ya seli chembe za oksijeni zenye fujo, zinazokula seli kama kutu inavyokula bati la nyumba, na dawa hizo zinazuia ile kutu. Mbegu za kiume zinaharibika haraka kwa kutu hiyo sababu ngozi yake imejaa mafuta laini.

Mpaka hapo ni sayansi safi. Ubaya unaanzia pale habari inapotoka maabara na kupanda baiskeli kuja sokoni kwetu.

Swali la kwanza la kuuliza ni hili: dawa ilitolewa lini? Katika tafiti hizi nyingi panya anapewa dawa kabla ya sumu, au siku moja na sumu, au mara tu baada yake. Pařízek alitoa zinki pamoja na kadimi. Hiyo ni kinga, ni kama kumfunika mtu blanketi kabla moto haujamfikia. Sasa wewe baba wa barua ya kwanza, je, ulichomwa kadimi leo asubuhi? Korodani zako kama zina shida, shida hiyo ni ya miaka, labda ya ugonjwa wa utotoni, labda ulizaliwa nayo. Kumfunika mtu blanketi nyumba ikiwa imeshaungua ni kazi nyingine kabisa. Na ndiyo maana niliwaomba mkumbuke wale madume wa California.

Swali la pili ni muda. Mbegu ya kiume haitengenezwi kwa siku moja. Kwa panya, kutoka seli ya mwanzo mpaka mbegu kamili ni karibu siku 52. Kwa mwanaume ni karibu siku 74, yaani miezi miwili na nusu, halafu kuna siku nyingine za kupita kwenye mirija na kukomaa. Kwa hiyo hata kama ingekuwepo dawa ya kweli kabisa, uliyoimeza leo, matunda yake ungeanza kuyaona baada ya miezi mitatu hivi. Pakiti ya siku 14 haiwezi kuonyesha chochote! Anayekuambia baada ya siku 14 kwamba "imeanza kufanya kazi, ongeza nyingine" anahesabu pesa tu. Mbegu hazihesabu hata kidogo.

Kuna na hesabu ya dozi, ambayo wanafunzi wangu wa darasa la saba wanaweza kuifanya. Tuseme panya walipewa miligramu 100 za dawa kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 apewe ngapi? Ukizidisha tu unapata miligramu 6000, gramu sita nzima. Wataalamu hawafanyi hivyo, sababu mwili mdogo unachoma vitu haraka kuliko mwili mkubwa. Wao hugawanya dozi ya panya kwa 6 na kidogo kwanza, ndipo wanazidisha kwa kilo za mtu. Unapata karibu miligramu 970. Na hiyo ni makadirio ya kuanzia majaribio, sio ruhusa ya kumeza. Sasa huyo wa sokoni anayesema "kijiko kimoja asubuhi na jioni", kijiko chake alikihesabu wapi?

Halafu panya sio mtu mdogo mwenye mkia. Dume la panya linatengeneza mbegu nyingi kupita mahitaji yake, ukimpunguzia hata sehemu kubwa sana ya mbegu bado anazalisha watoto. Mwanaume hana akiba kubwa namna hiyo. Hata korodani zenyewe, panya anaweza kuzivuta ndani ya tumbo akitaka. Sisi hatuwezi, na wengine mnacheka sasa hivi, lakini ni kweli.

Mtu ataniuliza: basi kama panya si mtu, kwa nini wanapoteza muda? Hapana, hawapotezi. Sikilizeni kisa hiki, mimi kiliniuma sana nilipokisoma.

Kulikuwa na dawa ya shambani iliyoitwa kwa kifupi DBCP, ya kuua minyoo midogo inayokula mizizi. Mwaka 1961 ilichapishwa taarifa ya majaribio: panya walioivuta au kuimeza korodani zao zilinyauka. Imeandikwa wazi. Dawa ikaendelea kutengenezwa na kuuzwa. Mwaka 1977, katika kiwanda kimoja huko California, wafanyakazi wakaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe wakati wa mapumziko: mbona sisi wa idara hii hatuzai? Wakapimwa. Wengi walikuwa na mbegu chache sana au hawana kabisa. Miaka 16 panya walikuwa wameshatoa ushahidi! Na Marekani ilipoanza kuizuia, dawa hiyo ilikuwa bado inatumika katika mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati, Kosta Rika, Nikaragua, kwa watu ambao hakuna aliyewasomea taarifa ya panya. Maelfu walikwenda mahakamani baadaye. Wale ambao mbegu zilikuwa zimepungua tu, baadhi walipata nafuu baada ya kuacha kazi ile. Wale ambao zilikuwa zimekwisha kabisa, wengi hazikurudi.

Kwa hiyo mimi naona hivi: panya akisema kitu hiki kinaharibu, tumsikilize haraka. Panya akisema kitu hiki kinaponya, tumwambie asante, ngoja tupime kwa watu. Na ninyi mnaopata vibarua vya kupuliza dawa katika mashamba ya watu nje ya kambi, msikubali kupuliza bila kufunika mikono na pua, wala kutumia makopo yale kuchotea maji. Hilo ni la bure na lina faida kuliko unga wote wa sokoni.

Sasa walipopima kwa watu ilikuwaje? Hapa ndipo yule muuzaji hatafika, maana hapa karatasi yake inakwisha.

Kuanzia mwaka 2013 nchini Marekani wataalamu walikusanya wanaume 2370 ambao wao na wake zao walikuwa wanatafuta mtoto na wamekwenda hospitali kuomba msaada. Wakawagawa kwa kura sehemu mbili sawa, 1185 na 1185. Nusu walipewa kila siku zinki miligramu 30 na asidi ya foliki miligramu 5, kwa miezi sita. Nusu nyingine wakapewa kidonge kinachofanana lakini ndani hakina dawa. Hakuna aliyejua amepewa kipi. Majibu yalitoka Januari 2020. Waliomeza dawa, nyumba 404 zilipata mtoto. Waliomeza kidonge kitupu, nyumba 416. Someni tena! Waliomeza kitupu hawakushindwa na mtu. Mbegu zenyewe hazikuongezeka, na waliomeza dawa ndio waliolalamika zaidi tumbo kuuma na kichefuchefu.

Mwaka huohuo 2020 ukatoka utafiti mwingine wa Marekani, wa wanaume 171, waliopewa mchanganyiko wa vitamini C, vitamini E, seleni, zinki na vingine. Nao vilevile, mbegu hazikubadilika. Nisiwe mkali kupita kiasi: wapo waliojumlisha tafiti ndogondogo nyingi wakasema huenda vidonge hivi vinasaidia baadhi ya wanaume, ila wao wenyewe wanakiri ushahidi ni dhaifu. Huenda ni neno zuri la kuanzia utafiti. Kuuzia maharage ya watoto kwa sababu ya huenda, mimi siwezi kumshauri mtu.

Na kisa kimoja zaidi, sababu kinaonyesha hata wataalamu hodari wanavyokwama. Huko Houston, Texas, kundi la Marvin Meistrich lilichukua panya waliochomwa mionzi au kupewa dawa za saratani mpaka korodani zikaacha kutengeneza mbegu. Wakagundua kwamba seli za mwanzo bado zimo, zimelala tu. Wakawapa sindano za kuzima homoni kwa muda, na ajabu, seli zikaamka, mbegu zikarudi, panya wakazalisha tena. Hii haikuwa kinga, ilikuwa ni tiba baada ya madhara! Matumaini yakawa makubwa. Wakajaribu kwa nyani, haikufaulu. Kwa wanaume waliotibiwa saratani, karibu majaribio yote hayakufaulu. Watu wenye maabara na madaktari na miaka mingi ya kazi. Na bwana wa sokoni na debe lake la unga anasema yeye amefaulu.

Wengine husema: basi haidhuru, ni mitishamba tu, kama haisaidii haitamwumiza. Ninaheshimu dawa za wazee wetu, bibi yangu alinitibu kikohozi kwa majani. Lakini mti hauwi rafiki kwa sababu ni mti. Huko India wataalamu walitoa dawa kutoka mbegu za papai wakawapa nyani dume. Unajua kilichotokea? Mbegu za kiume ziliisha kabisa, zikarudi tu walipoacha kupewa. Walikuwa wanatafuta dawa ya uzazi wa mpango kwa wanaume! (Ile ilikuwa dawa iliyokamuliwa kwa kemikali na kutolewa kila siku, tunda lenyewe kuleni bila wasiwasi.) Unga usiojua una nini ndani unaweza kuwa unafanya kinyume cha ulichonunulia.

Na kuna kosa moja kubwa zaidi ambalo hata watu waliosoma wanafanya. Mwanaume akiona hana mtoto, anatafuta sindano au vidonge vya testosteroni, ile homoni ya kiume, akidhani akiongeza uanaume ataongeza mbegu. Ni kinyume! Homoni ikitoka nje, ubongo unaona imejaa, unaacha kuziamuru korodani zifanye kazi, nazo zinalala. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwaka 1990 majibu ya utafiti ambapo wanaume wenye afya walichomwa testosteroni miligramu 200 kila wiki, na wengi wao mbegu ziliisha kabisa. Ilikuwa inapimwa kama njia ya KUZUIA mimba. Nguvu za chumbani na uwezo wa kuzalisha ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa simba chumbani na mbegu hana hata moja, na mwingine akawa mnyonge na mbegu zake ni timamu.

Ndugu yangu wa barua ya kwanza, jibu ni hapana, usiongeze pakiti. Fanya hivi. Nenda zahanati wewe na mke wako, wote wawili, siku moja. Mkiwa mmekaa pamoja mwaka mzima bila kuzuia mimba na haijaingia, hiyo inatosha kwenda kuuliza. WHO ilisema mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani hupatwa na shida hii wakati fulani wa maisha yake, hamko peke yenu. Na katika nyumba zenye shida hiyo, karibu nusu tatizo liko kwa mwanaume, peke yake au pamoja na mke.

Kipimo cha kwanza cha mwanaume ni rahisi kuliko vyote vya mwanamke: kupima mbegu. Zahanati ya kambi kama haina kipimo, omba karatasi ya rufaa. Unakaa bila tendo la ndoa siku 2 hadi 7, unatoa manii katika kikopo safi ulichopewa, bila kutumia kondomu ya kawaida wala sabuni maana vinaua mbegu, na kikopo kinafika mezani kwa mpimaji ndani ya saa moja, kikiwa kimewekwa karibu na mwili kisipate baridi. Majibu yakiwa mabaya, usilie bado. Kipimo kinarudiwa baada ya wiki kadhaa. Mtu aliyekuwa na homa kali, malaria kwa mfano, mbegu zake zinaweza kushuka miezi miwili mitatu kisha zikarudi zenyewe.

Daktari atakuangalia na vitu ambavyo vina tiba ya kweli. Kisonono au klamidia iliyokaa muda mrefu. Mishipa iliyovimba juu ya korodani kama minyoo ndani ya mfuko. Mirija iliyoziba. Upungufu wa homoni za ubongo, ambao unatibika kwa sindano maalumu, sio zile za testosteroni. Pombe, sigara. Wapo ambao daktari atawaambia hakuna dawa, na ni maneno mazito, nisiwadanganye. Tiba za kupandikiza mimba zipo katika miji mikubwa na bei yake sisi huku tunaisikia tu. Lakini mtu aliyeambiwa ukweli anaweza kukaa na mke wake wakaamua wenyewe jinsi ya kuishi, na katika kambi hii mnajua watoto wasio na wazazi walivyo wengi.

Kwako mama wa barua ya pili. Hakuna mtu anayeweza kusema shida ni yako kabla mume wako hajapimwa. Sio mama mkwe, sio wazee wa ukoo, sio mtabiri. Mwambie mume kwa utulivu, mkiwa wawili, mwende wote. Akikataa, pale kituo cha jamii kuna akina mama wanaoshughulikia mambo ya nyumba, waone, hawataitangaza habari yako. Na kama tarehe ile waliyokupa inakaribia na unaogopa kufukuzwa, usingoje ifike, kawaone wiki hii. Wazee wa ukoo mnaosoma, naandika kwa adabu zote za mtoto kwa wazazi wake: kumpa mtu tarehe ya kuzaa wakati kijana wenu hajaingia mlango wa maabara, hiyo hesabu haijakamilika.

Nafasi inakwisha lakini wavulana wa shule wasitoke kabla sijasema hili, na wazazi pia. Kuna ajali ya korodani inaitwa kujisokota. Kamba inayoishikilia inajizungusha, damu haipiti. Inatokea hasa kati ya miaka 12 na 18, mara nyingi usiku au baada ya mpira, mara nyingine bila sababu. Maumivu ni ya ghafla na makali upande mmoja, tumbo la chini linauma, mtoto anatapika, korodani moja inapanda juu. Panya pia wamesokotwa katika maabara na kupewa dawa za kila aina, zikaonekana zinapunguza madhara. Lakini hata huko panya wanasokotolewa kwanza kwa mkono wa mtaalamu. Kwa mtu hakuna kidonge kinachosokotoa kamba. Ni upasuaji, na saa zinahesabika: ndani ya saa 6 nyingi zinaokolewa, zikipita saa 24 nyingi zinakuwa zimekufa. Kijana ataona haya, atasema tumbo tu linauma. Mzazi muulize waziwazi. Usimpake mafuta ya moto, usingoje asubuhi. Amsha jirani, amsha sungusungu, mbebeni mpaka zahanati usiku huohuo na mseme neno korodani mlangoni, ili waite gari la wagonjwa bila kuchelewa.

Na matubwitubwi, yale ya kuvimba mashavu, kwa kijana aliyebalehe yanaweza kushuka mpaka korodani. Naye apelekwe.

Maswali yenu yawekwe kwenye sanduku la buluu mlangoni pa maktaba, bila jina kama mnapenda. Mwezi ujao tutazungumza juu ya jiko la udongo linalopunguza kuni, na nimeahidiwa picha.

Ni mimi, mwalimu wenu wa kujitolea.